Ndoo ya Ngazi ya Pili

Mponde, 10 Februari 2019

Mdogo wangu Jeni,

Salamu kutoka huku Shambaai. Anayeandika ni mimi kaka yako Sefania, lakini mwenye maneno amekaa pembeni yangu kwenye kigoda na anautazama mkono wangu kama mwalimu wa darasa la pili. Kila nikisimama kutafuta neno anadhani nimesinzia, na mara mbili amekuwa sahihi.

Tungekupigia simu kama watu wa siku hizi, ila Nesi Yudith wa wodini kwako ametuambia sindano za kifua kikuu zimekwenda na masikio yako, na simu yenyewe uliitumbukiza kwenye beseni la kufulia. Basi tumerudi kwenye karatasi. Faraji, yule kondakta wa basi, amekubali kubeba barua na kifurushi kila zamu yake ikipita njia ya huko kwenu. Malipo yake ni maharage. Anasema mke wake anampenda zaidi tangu aanze kazi ya utarishi.

Mama anasema: mwambie ameze dawa. Nimeandika. Anasema: mwambie tena. Nimeandika tena. Anasema ukitoroka safari hii atakufunga kwa kamba ya mbuzi, na hatachagua kamba mpya. Hajasahau, Jeni. Baba alipofariki ulikuwa mwezi wa tatu wa dawa, ukaacha kitanda ukaja kuzika, ukakaa matanga, ukakaa na arobaini, vidonge vikabaki kule ulikovifungia kwenye leso. Kifua kikarudi na meno. Anasema wewe una akili za Baba yako, na kwamba hiyo si sifa.

Sasa habari za mashamba makubwa. Magoti ya Mama yamekataa kabisa kushuka bondeni, kwa hiyo amelihamishia shamba barazani. Huwezi kupita. Lile sufuria la makande lililotoboka lina rozimari. Debe la mafuta lina mlimau mdogo ambao hauzai, unachumwa majani tu. Mnanaa uko ndani ya buti la mvua la marehemu Baba, la kushoto, peke yake. Anasema mnanaa ni jirani mwizi, ukimpa kiwanja pamoja na wenzake, kesho kiwanja chote chake. Na mchaichai, ambao ndio mama wa wote, uko kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini, ngazi ya pili, panapopata jua la asubuhi.

Kutoboa ndoo ile ilikuwa kazi yangu. Nilichoma msumari nikatoboa matundu matatu. Akaniuliza kama ni milango ya siafu. Nimefikisha tisa. Maji yakikaa chini mizizi inaoza, ananiambia, kama vile sijawahi kuona mmea, mtu wa miaka hamsini na sita.

Sasa anataka ndoo ipande juu barazani kabla ya masika, kwa sababu jiwe la ngazi limeota kijani na linateleza kama sabuni. Nimemwambia nitaipandisha kesho. Amesema kesho yangu ina umri kumzidi yeye.

Chai yako imo humu ndani. Ameikata kwa mkasi alfajiri, vidole vinne juu ya udongo, akaianika kwenye ungo chini ya upenu. Kivulini, Jeni, siku tano, akiigeuza kama mtoto mchanga. Mimi nimekaa kiwandani miaka kumi na tisa kwenye sehemu ya kunyausha majani, nikasokota na kuchachusha chai iliyonywewa na watu wasionijua, lakini hapa siruhusiwi kugusa jani. Nilinyoosha mkono akanipiga na mwiko. "Wewe fundi wa chai ya kuuza. Hii ni ya mtoto wangu."

Kwenye kipande cha gunia kuna shina moja la mchaichai na udongo wa ndoo hiyo hiyo, ameufinyanga kwa mkono wake. Tafuta chombo, utoboe, upande.

Kaka yako,
Sefania

(Mama amekataa kuweka dole gumba. Anasema wino wangu unamchafua, na kwamba barua imekuwa ndefu kuliko mahubiri.)

*

Wodini, 24 Februari 2019

Kaka Sefania, shikamoo. Mama, shikamoo.

Kifurushi kimefika kikiwa na harufu yake yote. Nilipokifungua wanawake wawili wa vitanda vya jirani waliinuka wakakaa. Hatujakaa kitako kwa ajili ya kitu kwa muda mrefu.

Shina nimelipanda kwenye kopo la maziwa ya unga, dirishani. Kopo nimelitoboa kwa msumari uliochomoka kwenye kitanda. Matundu tisa, Mama. Udongo wote uliotuma nimeutia, sikuongeza wa huku, maana wa huku ni mchanga.

Dawa nameza. Ni vidonge kumi na vinne kwa siku na sindano ambayo sasa wameikomesha, imeshafanya ilichofanya. Siku hizi naona midomo inacheza. Nesi Yudith ana kijitabu, ananiandikia humo na mimi namjibu kwa mdomo, ila anasema nimeanza kupiga kelele kama ninaita ng'ambo ya bonde. Daktari ameandika kwamba nikivumilia bila kuruka siku hata moja, dawa zinaisha Septemba. Nikiruka tena hakuna dawa nyingine ya kunipa. Ameipigia mstari hiyo sentensi.

Sasa kaka, haya ni ya kwako, usimsomee Mama. Baba nilimzika. Nilisimama pale shimoni nikatupa udongo kwa mkono wangu, na bei yake unaiona. Sijutii. Mama ana miaka themanini na mbili. Likitokea la kutokea usinifiche. Sitaki kuwa mtoto anayeambiwa baadaye, anayeonyeshwa kaburi lililokwisha kuota majani. Niambie, halafu niache nichague mwenyewe. Nataka ahadi, na iwe kwa maandishi, maana ya mdomo siisikii.

Na ile ndoo ihamishe, mvivu wee.

Mdogo wako,
Jenoveva

*

Mponde, 18 Machi 2019

Nesi Yudith,

Bwana asifiwe. Utanisamehe kukuandikia wewe bila kukufahamu uso. Mimi ni Sefania, kaka wa Jenoveva wa Wodi ya Pili.

Mama yetu amefariki. Aliteleza kwenye ngazi Jumatatu ya wiki iliyopita, mvua ilipoanza, akaumia kiuno na kichwa. Alhamisi alilala asiamke. Jumamosi tulimzika hapa nyumbani, mzee wa kanisa Emanueli akaongoza nyimbo kwa sababu mchungaji alikwama barabarani kwa maporomoko.

Jeni hajaambiwa. Nakuomba, kama dada, asiambiwe. Wewe unalo faili lake, unajua alichofanya Baba alipokufa. Akijua leo, kesho yuko kwenye basi, na safari hii daktari mwenyewe amesema hakuna dawa ya pili. Mama aliacha agizo kabla hajakata roho: Jeni asijue mpaka amalize. Siwezi kuvunja neno la marehemu.

Nitaendelea kutuma barua na chai kama kawaida.

Wako katika majonzi,
Sefania

*

25 Machi 2019

Ndugu Sefania,

Pole sana kwa msiba. Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwa zamu.

Sipendi ulichoniomba. Lakini nimeshawafunga macho wagonjwa waliotoroka kwenda msibani wakarudi wakiwa wamechelewa, kwa hiyo sitamwambia. Ila elewa jambo moja. Jenoveva namjibu kwa kalamu, na akiniuliza sitaandika uongo. Nitanyamaza tu.

Yudith

*

Mponde, 31 Machi 2019

Mdogo wangu Jeni,

Samahani kwa kuchelewa. Mvua imekata barabara ya Soni mara mbili, na Faraji amelala ndani ya basi siku moja nzima akila maharage yake mabichi.

Tuko wazima. Mama anakusalimu sana. Anasema anakukumbuka kila saa, anakuombea, na kwamba wewe ni mwanawe mpenzi na anajivunia uvumilivu wako. Anasema usiwe na wasiwasi na lolote.

Kuhusu ile ahadi: umeipata. Mimi Sefania sitakuficha kitu. Nimeandika na nimetia sahihi, weka kwenye faili.

Ndoo nimeihamisha. Nilijua utashangaa. Iko juu barazani, nimeifuta hata matope, mchaichai umepinda kidogo upande mmoja lakini utanyooka.

Chai imo humu. Kunywa.

Kaka yako,
Sefania

*

Wodini, 14 Aprili 2019

Kaka, shikamoo.

Chai imefika. Majani ni meusi na yamesokotwa kama minyoo. Nimeyatia maji ya moto yametoka mekundu kama chai ya kantini. Mnanaa nao umesokotwa. Sijawahi kuona mnanaa uliosokotwa maisha yangu yote, na nina miaka arobaini na minne.

Mama mikono yake ikoje?

Mwambie anitumie neno.

Jenoveva

*

Mponde, 28 Aprili 2019

Mdogo wangu Jeni,

Nimekamatwa. Kweli ni mimi. Baridi ya mvua hizi imevimbisha vidole vya Mama, mkasi haushiki, basi nimepandishwa cheo. Niliapa nitafanya kama yeye, kivulini, siku tano, lakini mikono ina kumbukumbu zake. Nilinyausha usiku mmoja, nikajikuta nasokota, nikayafunika kwa kitambaa kibichi yachachuke, na kabla sijajua nimekuwa kiwanda. Miaka kumi na tisa, Jeni. Nikifa mtanikuta nimesokota sanda.

Mama amecheka. Anasema si neno, mwanangu mpenzi, kunywa tu, kilicho muhimu ni moyo.

Safari hii nimejitahidi. Nimeikausha juani, angalau haijachachuka.

Ndoo haijambo.

Kaka yako,
Sefania

*

Wodini, 9 Juni 2019

Kaka, shikamoo.

Nimepokea. Nakunywa kikombe kimoja kila asubuhi, na vidonge, vyote kumi na vinne. Makohozi yametoka safi miezi minne mfululizo.

Mchaichai wa kopo umetoa machipukizi matano.

Mwambie Mama maneno yake nimeyapata.

Sina mengine.

Jenoveva

*

Mponde, 21 Julai 2019

Mdogo wangu Jeni,

Makohozi safi. Nilikwenda nayo hiyo barua mpaka kwa Emanueli nikamsomea, akataka kupiga kengele ya kanisa, nikamzuia kwa sababu watu wangedhani kuna moto.

Lakini barua zako zimekuwa fupi mdogo wangu. Zinakuja kama risiti. Wodi inakuchosha, najua, au labda wino wa huko ni ghali.

Huku baridi kali. Asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na kukaa kama mgeni asiyeaga. Vyombo vyote barazani havijambo, buti la Baba halijambo. Chai hii niliyokutumia utaona imekauka vizuri, karibu kama ya Mama. Najifunza.

Mama leo hana maneno mengi. Anakusalimu. Anasema anakupenda.

Miezi miwili tu, Jeni.

Kaka yako,
Sefania

*

Wodini, 1 Septemba 2019

Kaka Sefania,

Shikamoo naiandika kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na Mama alitufundisha. Usiichukulie zaidi ya hapo.

Jana daktari ameandika kwenye karatasi: umepona. Vidonge vya mwisho ni tarehe ishirini na sita. Sasa naweza kusema, kwa sababu hakuna tena mahali pa kutorokea.

Najua tangu tarehe kumi na nne Aprili.

Kwanza ni chai. Mama asingekuruhusu uguse jani hata kama vidole vyake vingekatika, angeyashika yale mashina kwa meno. Nilitazama yale majani meusi nikawaza: mwenye mwiko hayupo. Halafu nikaisoma tena barua yako ya Machi. Kaka, Mama wa barua zako ni mpole mno. "Mwanangu mpenzi." "Najivunia." Miaka arobaini na minne, Mama hajawahi kuniita mpenzi. Aliniita mjinga, aliniita mguu wa kuku, aliniita Baba yako. Yule wako hajanitukana hata mara moja. Ungemwacha anitukane ningeamini mpaka leo.

Siku ile nikamwuliza Yudith: Mama yangu yuko hai? Alichukua kalamu. Akakaa nayo juu ya kijitabu mpaka wino ukatoa doa. Halafu akaifunika, akanihesabia vidonge.

Sijui nililia kwa sauti gani. Mimi sikusikia. Ila wodi nzima iligeuka, na mama wa kitanda cha tano, ambaye hana nguvu ya kushika kijiko, alitembea akaja akanishika kichwa.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Kwa sababu ningekuuliza ungejibu, na ungejibu ningeondoka. Najijua. Mradi hakuna aliyeandika kwamba Mama amekufa, niliweza kukaa. Nikasema acha aendelee kudanganya, mimi nitaendelea kumeza. Uongo wako nilijifunga nao kitandani kama ile kamba ya mbuzi. Hilo nakushukuru, na hilo ndilo linalonikera zaidi, kwamba lazima nikushukuru.

Lakini nilikuomba ahadi, ukaitia sahihi wakati yeye yuko chini wiki mbili. Umeninyang'anya shimo la mama yangu. Watu wote wa Mponde walitupa udongo, hata wale waliogombana naye kwa ajili ya mbuzi. Mimi peke yangu sikutupa.

Usiniandikie Mama tena. Niandikie alivyokufa. Yote. Usinichekeshe.

Jenoveva

*

Mponde, 8 Septemba 2019

Jeni,

Nimeanza barua hii mara nne. Mara tatu nimejikuta naweka utani, nikachana.

Jumatatu ile, tarehe kumi na moja Machi, mvua ilianza kabla hakujapambazuka. Ilikuwa ile ya kwanza ya masika, yenye kishindo. Nilikuwa kitandani. Sikuwa naumwa, sikuwa nimelewa, nilikuwa tu chini ya blanketi na kulikuwa na joto. Nilimsikia Mama anafungua mlango wa mbele. Akaita, "Sefa. Ndoo inajaa maji." Nikasema, "Nakuja." Akaita tena, "Mizizi itaoza, ya Jeni hiyo." Nikasema, "Nakuja, Mama." Nikajifunika kichwa.

Halafu nikasikia ndoo inabingirika.

Nilimkuta chini ya ngazi, uwanjani. Jani moja la mchaichai lilikuwa mkononi mwake, alikuwa amelishika kama mtu anayeshika ukindu wa kusukia mkeka. Ndoo ilikuwa imelala ubavu. Ilikuwa na uzito wa mtu mzima, udongo na maji, mimi mwenyewe nilihema kuiinua baadaye. Aliinyanyua peke yake, na magoti yale, kwa sababu mwanawe wa miaka hamsini na sita alikuwa anasikia baridi.

Wiki nne ndoo ile ilikaa pale tangu aniambie. Na wewe uliniandikia niihamishe. Barua yako ilikuwa mezani.

Tulimbeba kwa machela, lakini barabara ilikuwa imekatika, tukarudi naye. Alikaa siku tatu. Na hapa kuna jambo la pili, ambalo sijamwambia mtu, hata Emanueli. Nilimwandikia Nesi Yudith kwamba Mama aliacha agizo usiambiwe. Hakuacha agizo hilo. Jumanne aliuliza, "Jeni amefika?" Jumatano akauliza tena. Jumatano jioni akasema, "Mwiteni Jeni." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yanayoeleweka. Lile agizo nilimtia mimi mdomoni, na nilipoona nimeweza moja, nikaendelea kumtia mengine.

Nilijiambia ninakuokoa. Na ni kweli, Jeni, niliogopa utatoroka ufe. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine. Ungefika, ungesimama kwenye ngazi, ungeuliza, "Mama alikuwa anafuata nini huku kwenye mvua?" Wengine wote waliridhika kwamba mzee aliteleza. Wewe usingeridhika.

Ulisema yote. Basi hata hili. Vyombo vyake vyote vimekufa. Mwezi wa sita baridi ilipozidi niliogopa, nikaviingiza jikoni karibu na moto, nikavimwagilia kila siku kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Vikapigwa na moshi juu na kuoza chini. Ndoo ya mchaichai ilikuwa ya mwisho. Matundu tisa yote yalikuwa yamezibwa na matope tangu ilipoanguka, na sikuyatazama. Buti la Baba nimelining'iniza ukutani tupu. Chai niliyokutumia Julai na Agosti niliinunua sokoni Soni, kwa mama anayeitwa Shamsa, ndiyo maana ilikuwa nzuri.

Nilimwandika mpole kwa sababu nilikuwa nataka yeye aseme hayo kwangu.

Sikuombi kitu.

Sefania

*

Wodini, 15 Septemba 2019

Kaka Sefania, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nje, kwenye benchi, halafu nimeirudisha kwenye bahasha, halafu nimeitoa tena. Siku nne.

Sijakusamehe. Nakwambia mapema usije ukachinja kuku. Labda kuku tutakula mwaka mwingine, labda hatutakula, sijui. Kwa Jumatano ile sina neno la kukwambia. Alikuwa ananiita, na mimi nilikuwa hai, nimelala, nahesabu vidonge, na masikio yangu yamekufa. Hata kama angeita kwa sauti ya kufika huku nisingesikia. Hilo nitakaa nalo mimi. Ndoo utakaa nayo wewe. Kila mtu na mzigo wake, na wako nakuachia wote, siuchukui hata upande mmoja.

Natoka Jumamosi ya tarehe ishirini na nane. Nitakuja na basi la Faraji, nishuke Soni, nipande juu mwenyewe. Usinipokee. Usiwaite watu wa kanisa. Usiniongeleshe nikifika, sisikii, na sitatazama mdomo wako.

Nakuja na kopo. Mchaichai wa dirishani umefika kifuani kwangu, nimeukata mara tatu na haujali. Umesema vyombo vyake vyote vimekufa. Si kweli. Kimoja hakijafa, na udongo ulio ndani yake ulitoka kwenye ndoo ile ile, ameufinyanga kwa mkono wake akaufunga kwenye gunia. Sikuongeza wa huku hata chembe. Huo ndio nitakaoutupa. Miezi sita na nusu nimechelewa, lakini nitautupa, wote, na shina litabaki hapo hapo ardhini. Limekaa kwenye makopo vya kutosha.

Chimba shimo upande wa kichwa chake. Liwe na kina cha kiganja mpaka kiwiko. Chimba wewe kwa mkono wako, usimtume mtu.

Barua hii itakufikia Jumanne mchana, na Faraji ameniambia huko kuna mvua za vuli za mapema.

Usiseme kesho.

Jenoveva